Nusu saa, mara mbili kwa wiki

Jumatano, saa tatu usiku

Leo ngazi za ofisini nimezishuka ubavuubavu, mkono ukutani, mpaka kijana wa mapokezi akaniuliza, "Vipi dada, umeanguka?" Nikamwambia jana nilikuwa jimu. Akauliza nilikaa huko saa ngapi. Nusu saa, tena haikutimia. Akanicheka, akarudi kwenye simu yake.

Ninachofanya ni kidogo kweli ukikihesabu. Nasukuma mzigo kwa miguu, navuta chuma cha juu kije kifuani, nasukuma mbele, navuta kuelekea tumboni, namalizia kwa kusukuma juu ya kichwa. Kila kimoja seti moja tu, yaani mfululizo mmoja bila kupumzika. Napandisha taratibu, nashusha taratibu zaidi, bila kurusha, mpaka chuma kigome. Kugoma maana yake unasukuma kwa nguvu zako zote na hakiendi popote. Hapo kichwa kinakupigia kelele uache, tumbo linataka kurudisha chai, na Kocha amesimama pembeni anasema, "Bado moja, dada." Kila siku anasema bado moja. Nikiamka pale naenda mashine inayofuata kabla pumzi haijatulia. Nikimaliza nakaa chini sakafuni, sina aibu. Kisha sirudi mpaka Ijumaa au Jumamosi.

Vijana wa pale wananiona mvivu. Wao Jumatatu ni kifua, Jumanne mgongo, Jumatano miguu (wanaoipenda, na ni wachache), Alhamisi mabega, na Jumamosi utawakuta tena mbele ya kioo wakikunja mikono. Kocha naye amekulia Manzese, kwenye vile vyuma vya kutengeneza wenyewe: bomba la maji, huku na huku kopo la rangi lililojazwa zege. Walipiga tizi kila jioni kwa sababu jioni ilikuwepo na chuma kilikuwepo. Kwake yeye mtu anayekuja mara mbili kwa wiki ni mteja aliyeanza kupotea. "Mwili unataka ratiba," ananiambia. "Usipouzoesha unakusahau."

Ubishi huu ulianza kabla sijazaliwa. Arnold Schwarzenegger, mtunisha misuli maarufu, enzi zake pale Gold's Gym, Venice, California, alikuwa akinyanyua mara mbili kwa siku, siku sita za wiki. Mwaka 1970 akatokea Mmarekani, Arthur Jones, na mashine zake za Nautilus. Gurudumu la ndani lilichongwa kwa umbo la kombe la bahari, ili uzito ubadilike kufuatana na pale kiungo kilipo na nguvu na pale kinapolegea. Jones alisema seti moja ya kweli inatosha, mwili mzima, mara tatu kwa wiki, halafu uende nyumbani. Mwaka 1973 huko Colorado alimfanyisha mazoezi kijana Casey Viator, vipindi 14 ndani ya siku 28, akatangaza kwamba ameongeza misuli ya zaidi ya kilo 28. Ila Viator alikuwa Mr. America wa 1971, yaani bingwa wa kutunisha misuli, na kabla ya jaribio hilo alikuwa amekonda sana baada ya kuumia. Alikuwa anarudisha mwili aliowahi kuwa nao, na misuli iliyowahi kuwepo hurudi haraka kuliko inavyojengwa upya. Isitoshe, Jones alikuwa anauza mashine. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Baada yake akaja Mike Mentzer, mtunisha misuli mwingine, ambaye klipu zake za zamani siku hizi zimejaa tena simuni. Yeye alizidi kupunguza mpaka wanafunzi wake wengine wakawa wanakaa siku nyingi bila kugusa chuma. Mwaka 1980 pale Sydney alishindwa kwenye Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli, taji likaenda kwa Schwarzenegger aliyekuwa amerudi baada ya miaka mitano nje, ukumbi ukazomea, na Mentzer hakushindana tena. Halafu Dorian Yates, Mwingereza wa Temple Gym, Birmingham, akalichukua taji hilo mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997, kwa mazoezi ya siku nne kwa wiki na seti moja kali baada ya seti za kupasha. Akachanika misuli ya mikono njiani.

Napenda kusoma hadithi zao, lakini sizichukui kama ushahidi. Schwarzenegger na Yates wote wamekiri hadharani kwamba walitumia steroidi, dawa za kukuza misuli. Mimi ni mhasibu mwenye miaka arobaini na ushee na magoti yanayolia.

Kilichonishawishi ni utafiti wa kawaida usio na misuli ya kupigwa picha. Mwaka 2019 Brad Schoenfeld na wenzake wa New York waliwachukua wanaume 34 waliokwisha kuzoea vyuma, wakawagawa mafungu matatu: seti moja kwa kila zoezi, seti tatu, seti tano. Wote mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Wale wa seti moja walikuwa wanamaliza kwa dakika 13 hivi, wale wa tano wanapita saa nzima. Nguvu ziliongezeka karibu sawasawa. Ukubwa wa misuli ndio ulioongezeka zaidi kwa waliofanya seti nyingi. Kwa hiyo vijana wetu wa kioo hawajapotea: wanachotafuta ni shati libane, na shati litabana zaidi kwa seti nyingi. Mimi natafuta kunyanyua mfuko wa mchele bila kushika kiuno, na nikifika umri wa mama niinuke kwenye mkeka bila kuomba mkono. Kwa hilo, sioni kwa nini nilipe saa sita za wiki.

Mwili ni bahili. Kazi ikiwa nyepesi unaziita nyuzi ndogo za misuli, zile zisizochoka haraka, na zile kubwa zenye nguvu unazificha mpaka pasiwe na njia nyingine. Ndiyo maana yale marudio mawili matatu ya mwisho, yale mabaya, ndiyo yenye malipo. Ukiacha kabla yake kila siku, unaweza kuja jimu mwaka mzima nyuzi hizo hazijui kama ulikuja.

Nimemfikiria sana mama katika hili. Amebeba maji tangu msichana. Nani ana mazoezi ya mara kwa mara kumshinda? Lakini ndoo ni ileile ya lita 20, kilo 20 za maji, alipokuwa binti na alipokuwa bibi. Mwili uliizoea miaka mingi iliyopita, ukaacha kuongeza chochote, na uzee ulipoanza kupunguza misuli ndoo haikuwa na cha kujibu. Kwenye daftari langu mzigo wa miguu unapanda kilo mbili na nusu kila chuma kinapochelewa kugoma. Daftari hilo ndilo zoezi lenyewe, vingine ni jasho.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa mazoezi mafupi huwa wanalisema, kwamba vyuma vikipigwa kwa ukali vinatosha na moyo pia. Hapo siwafuati. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au kazi ya namna hiyo, na vyuma angalau siku mbili juu yake. Kwa hiyo jioni zisizo za jimu nashuka mwendokasi Magomeni nakwenda kwa miguu mpaka nyumbani. Na mwenye presha asinisikilize mimi. Kubana pumzi chini ya chuma kizito kunaipandisha ghafla, aonane kwanza na daktari.

Halafu kuna lile ambalo hakuna utafiti unaolipima. Wale vijana wanakaa saa mbili, na katika hizo saa mbili nusu ni Simba na Yanga. Mmoja amepata kazi ya ulinzi kupitia mwenzake waliyekutana kwenye benchi. Jimu ni kijiwe chao. Ukiwaambia nusu saa inatosha, watakuuliza, na wana haki, inatosha kwa nini, na baada ya hapo waende wapi? Mimi nina pa kwenda. Nina watoto na nina vitabu vya hesabu vya watu.

Kinachoniuma ni ada. Ya mwezi ni ileile, uje kila siku au mara nane. Jana nilimwomba Kocha anipunguzie, akakataa. Nikamwambia basi siku zangu zilizobaki atakuja wifi yangu, kadi si inalipiwa mwezi mzima?

"Dada, hii jimu, si vikoba."

Wifi anakuja Alhamisi. Nimemwambia aseme amenifuata.