Tangi la Maziwa la Muheza

Mjomba wangu hakuwa na haja ya intaneti. Haja yake ilikuwa kujua, akiwa nyumbani kwake usiku, kama tangi la maziwa la kituo lilikuwa bado linapooza. Kituo hicho kilikuwa upande wa Muheza, kandokando ya barabara inayopanda Amani, na yeye ndiye aliyekuwa mpokeaji wa maziwa. Wafugaji walipofika na madumu yao asubuhi na jioni, aliyapima maziwa kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, kisha alichanganya kiasi kidogo na spiriti, na yakikatika aliyakataa mbele ya mwenyewe bila kujali kama ni jirani au shemeji. Yaliyopita mtihani huo yalimiminwa tangini, ambamo yalitakiwa kushuka hadi nyuzi joto 4 za sentigredi na kubaki hapo mpaka gari la kiwanda lije kesho yake. Ubaya ni kwamba nyumba ya mjomba ilikuwa haijafikiwa na nguzo za umeme. Aliwasha taa za sola, kwa hiyo umeme wa kituo ungeweza kukatika saa tatu usiku naye asijue hadi alfajiri, akute maziwa ya kijiji kizima yamekuwa mtindi ambao hakuna aliyeuagiza.

Mwaka huo, 2015, nilikuwa Tanga mjini nikijifunza katika karakana moja ya Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina, kwa fundi aliyekuwa ameacha kutengeneza redio kwa sababu watu walikuwa wameacha kuzileta. Tulimwita Kaka. Alikuwa amejipatia kompyuta chache za Raspberry Pi za aina ya B+, iliyotoka mwaka uliotangulia: bodi yenye ukubwa wa kadi ya benki, kumbukumbu ya megabaiti 512, prosesa ya megahezi 700, matundu manne ya USB na pini 40 zilizosimama ubavuni katika safu mbili. Kompyuta hizo zilibuniwa Cambridge, Uingereza, ili watoto wa shule wapate mahali pa bei nafuu pa kujifunzia kuandika programu, na zilitangazwa kwa bei ya dola 35, ingawa kufikia Tanga bei ilikuwa imesafiri nazo. Ndani yake ilikuwamo Linux kamili, yaani mfumo endeshi kama ulio kwenye kompyuta kubwa, na hilo ndilo Kaka alilotaka tulielewe kabla hatujagusa waya wowote. Alisema kwamba katika Linux karibu kila kitu huonekana kama faili, na kwamba siku tutakayoamini maneno hayo tutaacha kuiogopa ile skrini nyeusi.

Mimi niliyaamini siku niliyounganisha sensa ya joto. Ilikuwa DS18B20 ya aina ile iliyofungiwa ndani ya kijiti cha chuma kisichoingia maji, yenye nyaya tatu: wa umeme, wa ardhi na wa data. Wa data uliingia kwenye pini ya GPIO namba 4, na kati yake na ule wa umeme wa volti 3.3 tuliweka rezista ya kiloomu 4.7, ambayo huziweka volti za waya wa data juu wakati hakuna kifaa kinachotuma data. Nilifuata maelekezo niliyoyakuta yameandikwa mwaka uliopita, nikapakia moduli mbili zilizotajwa, yaani vipande vya programu vya kusomea sensa, nikafungua folda ambamo sensa ilipaswa kuonekana, nikakuta tupu. Nilibadilisha rezista, nikabadilisha sensa, nikaanza kuishuku bodi yenyewe. Kaka alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akaniambia niangalie namba ya kiini cha Linux. Ilikuwa 3.18, na tangu toleo hilo lilipoingia mapema mwaka ule, nyaya za namna hii zilikuwa hazisomwi mpaka uongeze mstari mmoja, dtoverlay=w1-gpio, katika faili la mipangilio na kuwasha upya. Niliongeza, nikawasha, na folda iliyoanza kwa namba 28 ikatokea. Ndani yake mlikuwa na faili la mistari miwili, wa kwanza ukiishia kwa neno la kuthibitisha kwamba data imefika salama, wa pili ukiishia kwa t=29437, yaani nyuzi 29 na ushei, joto la kawaida la Ngamiani wakati wa mchana. Niliishika sensa kiganjani na namba ikapanda. Sijui kama kuna furaha nyingine ya bei rahisi namna hiyo.

Karakana nzima ilitaka kupeleka namba zake kwenye intaneti, na Kaka alitufundisha MQTT, itifaki ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi kupitia seva, ambayo Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa na gharama. Kilichonivutia zaidi humo ni ule utaratibu wa wasia: kifaa kinapojiunga huacha ujumbe kwa seva, na kikipotea bila kuaga, seva huutangaza ujumbe huo kwa niaba yake. Nilimweleza mjomba mambo haya kwa simu, kwa madaha kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Sasa mjomba, hiyo yako isiponiletea ujumbe, nitajuaje kama maziwa ni salama au yenyewe imekufa?”

Kazi yote iliyofuata ilikuwa kulijibu swali hilo. Kwake kulikuwa na mtandao wa simu lakini bando lilikuwa anasa, kwa hiyo intaneti tuliiacha na kutumia ujumbe mfupi: modemu ya USB yenye laini ya simu, na programu ya Gammu ya kutuma. Kila siku, ifikapo saa moja jioni, kifaa kingetuma neno “Nipo” pamoja na joto la tangi, ili kunyamaza kwake saa hiyo kuwe habari. Kompyuta tuliipa betri ya pikipiki ya volti 12 na chaja ya gari ya kuishusha hadi volti 5, kwa maana kifaa cha kutangaza kukatika kwa umeme hakiwezi kuutegemea umeme huohuo. Ili kitambue kama gridi ipo, Kaka alichukua chaja ya kawaida ya simu, akaichomeka ukutani, na volti zake 5 akazipitisha katika rezista mbili, ya kiloomu 1 na ya kiloomu 2, zikafika kwenye pini zikiwa kama volti 3.3, maana pini za Raspberry Pi hazivumilii zaidi ya hapo. Chaja ikiwa hai, pini inasoma moja, ikifa, sifuri. Mpaka leo naona hiyo ni mojawapo ya saketi safi kabisa nilizopata kuonyeshwa.

Modemu nayo ilikuwa na tabia zake. Kila ilipotaka kutuma ilivuta umeme mwingi kwa ghafla, na ile taa nyekundu ya bodi, ambayo huzimika volti zikishuka chini ya 4.63, ilikuwa ikipepesa. Tulibadilisha waya wa kulisha umeme kwa mwingine mfupi na mnene, tukaongeza kwenye mipangilio mstari wa kuruhusu mkondo mkubwa zaidi kwenye USB, taa ikatulia. Memori kadi tuliiweka isomeke tu bila kuandikwa, kumbukumbu za joto zikakaa kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa kuwa kadi inayokatiwa umeme katikati ya kuandika huweza kugoma kuwaka tena. Na kwa kuwa bodi ile haina saa yake yenyewe, na bila intaneti haina pa kuuliza saa, tulipachika saa ndogo ya DS3231 yenye betri ya sarafu. Programu niliandika kwa Python, na saa zikaandikwa kwa hesabu yetu, yaani saa mbili usiku na si 20:00, jambo ambalo Kaka aliliona upuuzi mpaka nilipomkumbusha nani atausoma ujumbe saa nane usiku akiwa na usingizi.

Tulikifunga kituoni katika msimu wa machungwa, na sensa tukaitia katika kijimfuko cha chuma cha kipimajoto ubavuni mwa tangi, isiguse maziwa. Mjomba ndiye aliyenifundisha kitu ambacho hakuna aliyekiandika popote. Nilikuwa nimepanga kengele ilie joto likizidi nyuzi 6. Akacheka. Kila jioni maziwa humiminwa yakiwa na joto la ng’ombe, kwa hiyo kengele ingelia kila jioni, na baada ya wiki asingeisoma tena. Cha kuangaliwa, alisema, ni kama yanashuka. Basi nikaandika hivi: joto likiwa juu ya nyuzi 6, na nusu saa ikapita bila kushuka hata nyuzi moja, tuma ujumbe.

Ujumbe wa kwanza wa hatari uliomfikia ulisema tangi lina nyuzi 85. Alinipigia kuniuliza kama maziwa yanachemka, na kama niko tayari kuleta majani ya chai. Waya wa umeme wa sensa ulikuwa umelegea kwa mtikisiko wa mota, na sensa ya aina hii, ikiwashwa upya kabla haijapima, hujibu 85 kamili, na jibu hilo hupita uhakiki wa data kana kwamba ni la kweli. Tulikaza waya na kuiambia programu iipuuze namba hiyo, lakini imani ya mjomba ilikuwa imepungua, na haki yake.

Usiku ninaoukumbuka nilikuwa nimelala kwake. Saa moja “Nipo” ilikuwa imekuja vizuri, tangi likiwa nyuzi 17 na likishuka. Saa tatu kasoro simu yake ikalia: umeme upo, tangi nyuzi 12.5, halishuki. Mjomba aliusoma mara mbili kwa sauti. “Umeme upo,” akarudia, akiweka mkazo pale, “halafu halishuki. Hii ni ile themanini na tano yako tena.” Nilimwomba twende tu. Alivaa koti, akachukua tochi, tukashuka mteremko bila yeye kusema neno.

Kituoni taa zote zilikuwa zinawaka, na moyo wangu ukaanguka. Mlinzi alikuwa barazani anasikiliza redio.

“Shikamoo mzee,” mjomba alimwamkia.

“Marahaba. Kuna nini usiku huu?”

“Umeme haujakatika?”

“Haujakatika. Si unaona taa?”

Mjomba alinigeukia kwa uso ambao ulitosha. Lakini hakuondoka, ni mtu wa kupima kabla ya kukataa, hata maziwa ya shemeji. Aliingia ndani, akasimama mbele ya tangi, na hapo sote wawili tukagundua kwa pamoja kwamba palikuwa kimya. Kikorogeo hakikuzunguka, kompresa haikunguruma. Kipimajoto cha mshale cha tangi lenyewe kilisimama kati ya 12 na 13. Alifungua sanduku la swichi, akawasha tochi, akaona taa tatu ndogo za fezi, moja kwa kila waya wa umeme unaoingia: mbili zinawaka, moja imekufa.

Tangi lilikuwa linatumia umeme wa fezi tatu. Fezi moja ilikuwa imekatika huko nguzoni, kilinda-mota kikafanya kazi yake na kuzima kompresa isiungue, wakati taa za kituo, redio ya mlinzi na ile chaja yetu ya simu zilikuwa kwenye fezi nyingine na ziliendelea kama kawaida. Pini yetu ilisema kweli na bado ingetudanganya, lau isingekuwa ule mstari kuhusu kushuka ambao mjomba mwenyewe aliuagiza. Hakunisifu. Alizunguka nyuma, akavuta kamba ya jenereta, akaja akahamisha swichi kubwa, na kikorogeo kikaanza kuzunguka. Tulikaa na mlinzi barazani tukiangalia namba zikishuka kwenye simu yangu, niliyokuwa nimeiunganisha na bodi. Mjomba kila baada ya muda aliingia kuzilinganisha na ule mshale. Tofauti ilikuwa ndogo, na aliuamini mshale.

Asubuhi dereva wa gari la kiwanda alipima kwa spiriti yake, maziwa hayakukatika, akafungua bomba. Mjomba alisubiri gari liondoke, kisha akaniuliza kwa nini nilimpa chaja moja wakati fezi ziko tatu. Siku hiyohiyo nilikwenda Muheza mjini kununua chaja nyingine mbili na rezista za kuzitosha, na fundi umeme wa kituo akatuwekea soketi moja kwa kila fezi.