La Rotonda: nyumba yenye baraza nne

Kutoka stesheni ya Vicenza, kaskazini mwa Italia, nilikwenda La Rotonda kwa miguu, kama dakika 40. Unapanda kilima cha Monte Berico chini ya matao ya karne ya 18. Yanapokata kona unayaacha na kufuata njia ya jumba la Villa Valmarana ai Nani, kisha kijia cha mawe kinachoteremka. Mvua ikinyesha kinateleza. Angalia kwanza siku za kufunguliwa, maana ukikuta lango limefungwa utaona uso mmoja tu, na nyumba hii lazima izungukwe.

Msanifu majengo Andrea Palladio aliianza miaka ya 1560 kwa ajili ya Paolo Almerico, kasisi aliyestaafu utumishi wake Roma. Kila upande una ngazi, baraza na nguzo sita. Kilichonishika zaidi ni jinsi ilivyokaa: pembe zake ndizo zinazoelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, si kuta. Kwa hiyo hakuna chumba kinachokosa jua kabisa. Baraza la mbele linatazama kaskazini-magharibi. Ukilipiga picha asubuhi litatoka na kivuli, subiri alasiri.

Sogea karibu na nguzo. Ukiiona kwa mbali utaapa ni jiwe tupu, kumbe ni matofali yaliyopigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na unga wa marumaru. Jiwe limewekwa kwenye vitako na vichwa tu, penye nakshi na penye kugongwa. Ni ufundi wa kubana gharama, na kwangu mimi ndio ufundi mkubwa kuliko wote hapa. Ila matofali hunyonya maji: lipu ikipata ufa, unyevu huingia nyuma yake na kuibandua, hivyo ufa mdogo huzibwa mapema.

Ndani, ukumbi wa duara una kipenyo cha futi 30 za Vicenza, karibu mita 10.7. Vyumba vikubwa ni futi 26 kwa 15. Vidogo 15 kwa 11. Palladio alifariki mwaka 1580, akamalizia msanifu Vincenzo Scamozzi. Kuba ambayo Palladio aliichora kama nusu ya mpira, Scamozzi akaishusha.

Usitazame juu tu. Katikati ya sakafu kuna jiwe la duara lililochongwa uso, lenye matundu. Chini yake ni ghala la matao, na hewa ya baridi hupanda kupitia hapo hadi ukumbini.