Kivumbasi na homa ya usiku ule

Juzi, vijana waliokuwa wakifyeka kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yetu hapa Kigamboni walimpa binti yangu tawi la kuchezea, naye akaingia ndani akiuliza kwa nini mikono yake inanukia karafuu. Kilikuwa kivumbasi. Nilimjibu kwa kifupi kwamba mafuta ya majani yale mara nyingi huwa na yujenoli, kiini kile kile kinachoipa karafuu harufu yake, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kurudi kwa Bibi, miaka ya 1990, kabla ya daraja, wakati kila aliyetaka kwenda mjini alipanda pantoni.

Wakati huo nyuma ya nyumba ya Bibi kulikuwa na nyasi tupu hadi kwenye minazi, na kivumbasi kiliota humo chenyewe bila kupandwa na mtu, kikimfika mtu mzima kifuani. Bibi alikitambua hata gizani kwa kulipapasa shina lake lenye pembe nne na kulifikicha jani lake lenye meno pembeni. Hakuking'oa kamwe, alikata matawi ya juu na kuliacha shina lichipue tena, na kile kilichoota kando ya barabara hakukigusa kwa sababu ya vumbi. Jioni alitupia matawi mabichi kwenye kigae cha makaa ili moshi wake ufukuze mbu, na mengine aliyaweka mvunguni mwa kitanda. Tumbo likisokota, alifikicha majani katika maji na kutunywesha. Kwa mafua na kifua kulikuwa na kujifukiza.

Usiku ninaousema ulikuwa wa masika. Nilikuwa nimeshinda nikipiga chafya, pua zimeziba, kichwa kinanigonga, na Bibi akaona ni mafua. Alichemsha sufuria ya kivumbasi na mchaichai, akaiweka sakafuni mbele ya kigoda, akanifunika blanketi zito hadi miguuni, kisha akaingiza mkono na kufunua mfuniko kidogo kidogo ili mvuke usiniunguze. Humo ndani hapakuonekana kitu. Harufu ilikuwa kali kiasi cha kutoa machozi. Iliingia puani kama pilipili, ikashuka kooni, na baada ya muda pua moja ikafunguka kwa mlio mdogo, kisha ya pili. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nilimsikia Bibi nje ya blanketi akisema, "Vuta pole pole, mume wangu, usishindane nacho," nami nikavuta, nikiamini kwa moyo wote kwamba ugonjwa ulikuwa unanitoka pamoja na lile jasho.

Aliponifunua alinikausha kwa kanga, akaniweka mgongo wa kiganja shingoni, kisha tumboni, akanyamaza. Mwili ulikuwa bado wa moto, na papo hapo nilianza kutetemeka hadi meno yakagongana. Aliuliza kama viungo vinaniuma, nikasema vinauma. Mama alitaka sufuria irudishwe motoni, lakini Bibi alikwisha kuinuka na kuyamwaga yale maji nje.

"Kivumbasi kimefungua pua, kazi yake imekwisha," alisema. "Hii homa si yake. Kukipambazuka, zahanati."

Mengine yalikwenda haraka. Nilitobolewa kidole, damu ikapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, ikaonekana malaria, nikapewa klorokwini, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndiyo dawa ya kwanza. Wanaoikumbuka wanajua jinsi ilivyowasha mwili. Bibi alinikanda kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa majani ya kivumbasi, na muwasho ukapungua, ingawa siwezi kusema ni kwa sababu ya majani au ya mkono wake.

Klorokwini yenyewe iliondolewa nchini mwaka 2001 katika nafasi hiyo, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimekwisha kuizoea. Dawa mseto tunayopewa siku hizi chanzo chake ni mmea wa China wa jamii ya pakanga, ambao utafiti wake ulimpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo simwelewi mtu anayezicheka dawa za majani, na ninafurahi kwamba pale Muhimbili uchunguzi wa tiba asili umekuwapo tangu mwaka 1974. Lakini simwelewi pia anayesema jani moja linatosha kwa kila homa. Mwaka 2020, wakati wa korona, mji mzima ulipokuwa ukijifukiza, nilisikia kila mahali orodha za majani ya kuchemsha, na ni mara chache sana nilisikia mtu akieleza dalili za kumfanya mgonjwa aache sufuria na kwenda hospitali.

Bibi aliijua mipaka hiyo, naye hakuwahi kukaa darasani. Nimemuuliza Mama ni nani aliyemfundisha, au ni mtoto gani kabla yangu aliyechelewa kufikishwa zahanati hadi Bibi akajifunza kuweka kiganja tumboni. Mama anasema aliwahi kusikia jina la mtoto, lakini Bibi hakupenda kulitaja, naye akaogopa kuuliza.