Siku moja maishani mwangu: ruzuku inavyomfikia mwanajeshi wa zamani asiye na makazi, Tacoma

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba ninafanya kazi katika mradi unaolipiwa na ruzuku ya Idara ya Kazi ya Marekani, wengi hudhani ninakaa juu ya sanduku la dola na kuamua nani apewe. Hata Waswahili wenzangu wa hapa Tacoma na Kent, tunapokutana msibani au harusini, huniuliza kama hakuna fungu dogo linaloweza kuwafikia na wao. Nimeandika siku hii ya Januari kama ilivyokwenda, ili ieleweke fedha hizo hupitia wapi kabla ya kumfikia mtu aliyelala ndani ya gari usiku uliotangulia.

Saa kumi na mbili asubuhi. Januari katika jimbo la Washington hakupambazuki mpaka karibu saa mbili, kwa hiyo naondoka nyumbani gizani, mvua nyembamba ikinyesha. Kusini mwa mji wetu kuna kambi kubwa ya jeshi ya Lewis-McChord, na wengi wanaomaliza utumishi wao pale hubaki huku huku. Baadhi yao, ndoa ikivunjika, au maumivu ya mgongo yakiwazuia kazi, au pombe ikiwashinda, huishia kulala kwenye maegesho ya maduka.

Saa mbili. Barua pepe, kikao kifupi, kahawa.

Mradi wetu unaendeshwa chini ya programu iitwayo HVRP, iliyotokana na sheria ya McKinney ya mwaka 1987, na kazi yake ni moja: kumrudisha mwanajeshi wa zamani asiye na makazi kwenye ajira ya kweli, yenye mshahara. Shirika linaloshinda ushindani linaweza kupata hadi dola 500,000 kwa mwaka, kwa miaka 3. Fedha hizo hulipia mafunzo ya kazi, vitambulisho, nauli ya basi, vifaa vya kazi na mishahara yetu sisi tunaowafuatilia wateja. Upande wa nyumba tunategemea zaidi mifuko mingine, hasa vocha za HUD-VASH, ambazo serikali huwasaidia nazo wanajeshi wa zamani kulipa kodi ya nyumba. Katika mradi wetu hakuna noti hata moja inayopita mkononi mwa mteja, na kila dola ina karatasi yake, karatasi ambayo lazima itunzwe miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho.

Saa tatu kasoro anaingia mteja ambaye hapa nitamwita Sajenti, kwa sababu ndicho cheo alichoondoka nacho jeshini. Alikuwa katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Gari alilokuwa akilala ndani yake lilivutwa na kupelekwa yadi, likiwa na nyaraka zake zote, na gharama za kulikomboa zilipanda kila siku mpaka zikazidi thamani ya gari lenyewe. Sasa ana kitanda katika makazi ya muda. Tumemlipia mafunzo ya kuendesha foklifti, amefaulu, na ghala moja la bonde la Kent limemwajiri kwa dola 22 kwa saa. Anatakiwa kuripoti kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Kilichobaki ni fomu ya I-9, ambayo kila mwajiri wa Marekani lazima aijaze kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi nchini. Sajenti ana kitambulisho kipya cha jimbo, lakini kadi yake ya hifadhi ya jamii ilipotea pamoja na gari. Tumekwisha kuomba nyingine, na ana stakabadhi ya maombi hayo. Kanuni zenyewe za I-9 zinasema waziwazi kwamba stakabadhi ya kubadilisha hati iliyopotea inakubalika kwa siku 90. Afisa rasilimali watu wa ghala hilo anasema kwamba hawakubali stakabadhi. Bila kadi yenyewe, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Nikampigia. Nikawekewa muziki. Akaja mtu mwingine, nikaeleza upya tangu mwanzo, akanirudisha kwa yule wa kwanza, na yule wa kwanza akaniambia kwamba mfumo wao wa kompyuta hauna mahali pa kuandika stakabadhi. Nikamwomba anipe anwani yake ya barua pepe, nikamtumia ukurasa wa mwongozo wa serikali wenye kanuni hiyo, nikaipaka rangi sentensi inayohusika, kisha nikampigia tena kuhakikisha ameipata. Alikuwa ameipata, ila hakuwa na muda wa kuisoma. Alipoisoma alisema hana mamlaka, inabidi amuulize msimamizi wake, na msimamizi yuko kikaoni. Nikauliza kikao kinakwisha saa ngapi. Hakujua. Nikauliza kama naweza kusubiri kwenye simu. Akasema ni hiari yangu, na muziki ukaanza tena.

Muda wote huo Sajenti alikuwa amekaa kwenye kiti kilicho mbele ya meza yangu, kofia magotini, kidole kikipita juu ya ratiba ya mabasi niliyomchapishia. Alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye basi la kwanza kabisa la alfajiri, na pembeni ameandika la pili, iwapo la kwanza litachelewa. Ilipofika saa sita akaniambia kwa sauti ya upole nisigombane na watu kwa ajili yake, kazi nyingine zitapatikana. Hilo liliniuma kuliko majibu ya yule afisa. Mtu aliyeagizwa na taifa kwenda vitani hapaswi kuomba radhi kwa kudai haki iliyoandikwa katika fomu ya taifa hilo hilo. Nilimjibu kwamba sigombani. Ninafanya kazi ninayolipwa kuifanya.

Msimamizi alipiga mwenyewe saa nane na nusu. Alikuwa mtu mwelewa, aliutambua mwongozo mara moja, akasema stakabadhi inatosha na kwamba kadi iletwe kabla ya siku 90 kwisha. Mazungumzo hayakuzidi dakika mbili. Chakula changu cha mchana kilikuwa bado kwenye mfuko.

Tukaenda dukani kununua buti za chuma mbele, kwa maana ghalani haruhusiwi mtu kuingia bila hizo. Sajenti alivua soksi kwa aibu. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kulala amekaa miezi mingi, na namba aliyokuwa akiivaa jeshini haikumwingia tena. Ilibidi tutafute pana zaidi, jozi baada ya jozi, mpaka tukapata iliyomkaa bila kumbana kidole gumba. Mashine ikatoa risiti iliyoandika neno moja tu, «bidhaa», na hiyo mkaguzi haikubali. Nikaomba iandikwe upya ikionyesha ni kitu gani na cha namna gani. Mwenye duka alinitazama kama msumbufu, lakini aliandika.

Mchana uliobaki, ambao sikuufuata tena kwa saa, ulikwenda katika ripoti ya robo mwaka iliyoishia Desemba. Hapa ndipo wafadhili wanapotupima: ni wangapi wamepata kazi, kwa mshahara gani wa saa, kila ajira imegharimu kiasi gani, na ni nani bado yuko kazini robo ya pili na ya nne baada ya kutoka kwenye mradi. Mtu akifanya kazi nasi tukakosa ushahidi, katika ripoti ni kama hafanyi. Kwa hiyo ninawapigia waliokwisha kuondoka, namba nyingi zikiwa zimekatwa, nikiwaomba slipu ya mshahara. Mmoja, tuliyemsomesha leseni ya malori makubwa, alipokea akiwa kituo cha mizani huko Oregon na kunitumia picha ya slipu papo hapo. Nilifurahi sana. Mwingine alinifokea kwamba amechoka kukumbushwa alikotoka, na sikumlaumu.

Nchi nzima, hesabu ya usiku mmoja inayofanywa kila Januari ilionyesha wanajeshi wa zamani wasio na makazi zaidi ya 74,000 mwaka 2010. Mwaka 2024 walikuwa 32,882. Ninajua fungu kubwa la mafanikio hayo limetokana na vocha za nyumba. Hata hivyo mtu aliyepewa nyumba bila kipato hutetereka upesi, na simu hizi zinazochosha ndizo zinazotuonyesha nani anatetereka.

Nilikuwa nimevaa koti niondoke simu ilipolia. «Dada, samahani kukusumbua jioni hivi. Nimepewa namba yako kanisani.» Kijana wa Eldoret, aliingia jeshini kwa kadi ya kijani, akapata uraia akiwa ndani ya sare, na sasa analala garini karibu na mahali anapooga, kwenye jumba la mazoezi. Nyumbani hawajui, mama yake anaamini bado yuko kambini. Aliuliza kama na yeye anahesabiwa kuwa mwanajeshi wa zamani, kwa kuwa hakupelekwa vitani. Nikamwambia kwamba programu hii haidai vita: inatosha kuwa ulitumikia jeshi kwa utumishi kamili, hata siku moja, na hukufukuzwa kwa kuvunjiwa heshima. Nikamwandika Alhamisi saa tatu asubuhi, aje na DD-214 yake, hati anayopewa mwanajeshi anapoondoka jeshini.

Nikavua koti, nikajaza jedwali langu la saa, maana na mshahara wangu nao unakaguliwa, nikaandika kumbukumbu za Sajenti na kuambatisha risiti ya buti.

Ikiwa unamfahamu Mswahili yeyote aliyevaa sare ya Marekani na sasa analala garini, au atapoteza makazi ndani ya siku 60 zijazo, mpeleke kwenye kituo cha ajira cha serikali kilicho karibu naye, kile kiitwacho American Job Center, na aulize kwa jina: HVRP. Aende na DD-214 kama anayo. Kama imepotea, aende hivyo hivyo. Kuitafuta ni sehemu ya kazi yetu.