Mzunguko wa Mizizi

Kusi imechoka. Tangu juzi upepo unaoingia kiwandani, ua wetu wa ndani ya nyumba, ni wa kubembeleza tu, hauna tena ile chumvi ya Julai iliyokuwa ikikausha ncha za majani. Ndiyo demani hii, bahari imetulia na vuli iko njiani. Japani nako, karibu na tarehe 23 Septemba, ni siku za higan, usiku na mchana vinapolingana. Joto la kiangazi limepungua lakini udongo bado una uvuguvugu, na watunza bustani hushika majembe kuhamisha miti. Wao wanaiwahi baridi, sisi tunaingoja mvua. Mwezi ni ule ule, na kwa siku hizi chache nahisi nafanya kazi pamoja na watu nisiowajua.

Bustani yangu ni kiwanda cha nyumba ya bibi, hapa mtaa wa Mkomani, Lamu. Hatua nane kwa sita, kuta za matumbawe pande zote nne na mbingu juu. Miaka mitatu iliyopita nilisoma habari za tsuboniwa, vibustani vilivyofichwa ndani ya nyumba nyembamba za wafanyabiashara wa Kyoto, nikaona kama nasomewa habari za kwetu. Nyumba ndefu, mtaa umebana, majirani ukuta kwa ukuta. Basi unaacha pahali pawazi katikati ili mwanga na hewa vipate kuingia vyumbani. Kiwanda kwa jina lingine. Hata lile jiwe lao la maji, tsukubai, ambapo mgeni huosha mikono na kusukutua kinywa kabla ya kuingia kunywa chai, lilinikumbusha birika letu na vile visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu.

Mapenzi yakanitia haraka. Nilinunua mche wa momiji, ule mti wao wa majani mekundu, kwa muuzaji aliyeniapia kuwa utastahimili joto la pwani. Haukustahimili. Mti ule hutaka msimu wa baridi ili ulale na kupumzika, na Lamu hakuna usiku wa kuulaza. Majani yaliungua kuanzia kwenye ncha, na mwaka haukwisha.

Lakini si momiji unaoniuma. Ili kuupatia nafasi niling'oa asumini ya mama. Niliing'oa saa sita mchana, jua kali, bila kumwuliza, nikaitia kwenye pipa. Baada ya wiki mbili ilikuwa vijiti. Mama hakusema neno. Ila jioni, baada ya alasiri, alikuwa na ada ya kukaa kwenye mkeka na kutunga maua yake kwa uzi, mengine ya nywele, mengine ya kuweka kwenye mto wa kulalia. Ada ile ikakoma, na mkeka ukabaki umekunjwa nyuma ya mlango.

Mwaka huu nimejifunza neno nemawashi. Maana yake ni kuuzunguka mzizi. Wajapani hawaung'oi mti uliokwisha kukaa wakauhamisha siku hiyo hiyo. Kwanza wanachimba duara kuuzunguka, wanakata baadhi ya mizizi, wanarudishia udongo na kuuacha mti ulipo, mpaka uote mizizi midogo karibu na shina. Hiyo ndiyo itakayosafiri nao. Neno hilo hilo wanalitumia hata maofisini, kwa yale mazungumzo ya chinichini na kila mhusika kabla jambo halijafikishwa kikaoni. Nikacheka peke yangu niliposoma hapo, kwa furaha, maana ndivyo posa zetu zinavyokwenda: kabla wazee hawajavaa kanzu kwenda kuomba, kuna mama mmoja amekwisha kupita jikoni kwa watu akasikiliza.

Basi mkomamanga uliokuwa ukibanwa na ngazi nimeufanyia hivyo. Mwezi wa Julai nilikata nusu ya duara, Agosti nusu ya pili, nikaufunika kwa samadi ya punda iliyooza vizuri. Leo asubuhi nilipofukua nilipiga magoti kutazama. Penye kila jeraha la kisu palikuwa na kishada cha mizizi myeupe, myembamba kama tambi za Iddi, imeshika udongo isiuachie. Tuliufunga kwa gunia, mimi na kijana wa jirani, tukaubeba hadi pembe ya kibla. Hadi magharibi haujaangusha jani.

Na safari hii nilimwuliza mama. Nilimwuliza tangu Julai, kabla ya jembe. Nikamwonyesha picha ya bustani ya Ryoan-ji, hekalu la Kyoto, mawe 15 juu ya changarawe nyeupe, na popote utakapokaa hayaonekani yote kwa pamoja. Akaitazama sana. Akasema, "Basi liko ambalo halijui ila Mungu."

Mawe yangu ni matatu tu, ya ukuta wa zamani ulioanguka, bado yana chokaa. Changarawe nimenunua. Mchanga wa vilima vya Shela sikuugusa, kwa kuwa vilima vile ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu. Jiwe kubwa nimelizika theluthi nzima, ndivyo wafanyavyo wao, lionekane limeota hapo. Siku hizi jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, linashuka hadi sakafuni, na kwa dakika chache mawe yote matatu hayana kivuli.

Alasiri mama alirudi kutoka kwa shangazi, mtaa wa Langoni. Mkononi ana kopo la maziwa, ndani yake asumini yenye matawi manne. Siku ile niliyoing'oa alikuwa amekata kijiti akaenda kukipanda huko. Miaka mitatu, na mimi sijui.

"Ndoo, mwanangu," akaniita nije. "Shimo liko wapi?"

Nilikuwa sijachimba. Nikamwuliza yeye anataka iwe wapi. Akazunguka kiwanda chote polepole, akasimama pale pale ilipokuwa zamani, kisha akasogea hatua moja ili isiuzibe mkomamanga. Akaenda nyuma ya mlango kuchukua mkeka.