Siku moja gereji: pikapu ya mananasi na taa ya tatu ya breki

Saa 12:10 asubuhi, Bunju. Daladala ya kwanza imejaa mpaka mlangoni, ya pili nimedandia. Konda wake huniita "fundi shoti". Mwaka jana niliunguza waya wa redio ya daladala hii mbele ya abiria, nikairudishia bure, na tangu hapo hanidai nauli nzima. Jina nimelimeza.

Saa 1 kasoro, Tegeta. Gereji yetu ni mwembe mmoja, kontena moja na turubai. Mafundi injini wako upande wenye oili chafu. Mimi wa umeme nimebanwa ubavuni mwa kontena kwa sababu ndiko kwenye soketi ya chaja. Dogo ninayemfundisha kazi ameshafagia na ameweka betri ya mtu kwenye chaji. Chai, chapati moja, tunasubiri.

Saa 2 inaingia Hilux ya mwaka 1991, dizeli, rangi yake nyeupe tunaiamini kwa kuambiwa. Bodi la nyuma limefungwa keria ya bomba za chuma, na chini kumejaa majani ya mananasi. Harufu yake imetufikia kabla injini haijazimwa. Mwenyewe ni mzee wa Kiwangwa, ameshusha mzigo mjini usiku na sasa anarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, wiki iliyopita kijana wa bodaboda kaniingia nyuma pale Mapinga. Mungu mkubwa, kaumia mkono tu. Ananiambia, babu, sikuona kama umeshika breki. Sasa nataka ile taa ya tatu, ya juu katikati."

Tena taa amekuja nayo. Akaitoa kwenye mfuko wa rambo: mkanda wa LED unaopepesa nyekundu na buluu kama ukumbi wa disko. Nikamwambia mzee, hii ni ya harusi. Taa ya breki ni nyekundu, inawaka ikatulia mpaka mguu utoke kwenye pedeli. Anayekufuata hatakiwi kukaa anatafsiri. Akacheka, akairudisha mfukoni, nadhani kuna mjukuu ataipata.

Kabla sijaongeza taa huwa naangalia zilizopo. Dogo kaingia ndani, mimi nyuma. "Kanyaga!" Kulia, kimya. Kushoto, breki inawaka kiuvivu kama kipisi cha sigara, na indiketa iliyo pembeni yake inawaka nayo, kiuvivu vilevile. "Achia!" Zikazima zote mbili.

"Mzee, ukikanyaga breki, kwenye dashibodi kuna chochote kinawaka?"

"Kale kamshale ka indiketa ka kushoto. Tangu masika. Nikajua ndiyo kawaida yake."

Basi, ugonjwa umejitaja wenyewe. Umeme ukishaingia kwenye balbu lazima upate njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, ndiyo tunaita ethi. Ethi ikikatika, umeme hautulii, unatafuta uchochoro. Hapa ulikuwa unapita kwenye balbu ya breki, unaingia kinyumenyume kwenye balbu ya indiketa ya nyuma, unakwenda hadi indiketa ya mbele na kurudia huko. Volti 12 zinagawanywa kwa balbu zilizopangana foleni, kila moja inapata makombo. Kwa hiyo yule kijana hakudanganya. Mzee alikuwa anatembea na tani ya mananasi barabara ya Bagamoyo bila taa ya breki hata moja ya kueleweka. Na kama ningemfungia taa ya tatu nikapokea hela, angeondoka anajua amepona.

Saa 3. Tumefungua taa ya kushoto, maji yakamwagika kwanza. Waya wa ethi, mweupe wenye mstari mweusi, kichwa chake kimeota kutu ya kijani, nilipougusa ukabaki mkononi. Nimeukata nyuma mpaka nikakuta shaba inayong'aa, nikabana kichwa kipya, nikakwangua rangi ya bodi hadi chuma tupu, nikafunga bolti na kupaka grisi. Kazi ya dakika ishirini, kifaa chake hakifiki hata shilingi elfu moja.

Kulia palikuwa na kisa kingine. Balbu hizi ni za 21/5, yaani nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: ya wati 5 kwa taa ndogo za usiku, ya wati 21 kwa breki. Pini zake mbili za ubavuni hazilingani, moja iko juu ya mwenzake kidogo, ili isiwezekane kuiingiza kinyume. Hii iliingizwa kinyume. Kuna mtu aliishindilia, soketi ikapanuka, na ule uzi wa 21 ukaungua. Nimenyoosha soketi kwa koleo, nikaweka balbu mpya pande zote mbili. Dogo akakanyaga. Nyekundu mbili, kali. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye tairi akasimama kuja kuangalia.

"Sasa hiyo ya tatu ya nini tena?" Nilidhani atasema hivyo. Hakusema. Alisema, "Na ile ya juu je?"

Saa 4 mpaka saa 6 ni mjadala wa pahala. Kwenye gari dogo jibu ni rahisi, unaibandika kwenye kioo cha nyuma. Pikapu zilizotoka kiwandani na taa ya tatu huwa nayo juu ya kabini, na ikiwa tupu inapendeza kweli. Lakini mananasi ya mzee yanapanda kupita kabini. Taa ingemulika matunda tu. Kwenye mlango wa bodi? Msimu ukichanganya anatembea nao umeshushwa, taa ingeangalia lami, na waya ungekatika kwenye bawaba ndani ya mwezi. Ikabaki bomba la juu kabisa la keria, nyuma, katikati. Hapo hakuna tunda linaloweza kukaa nyuma yake.

Nimechukua umeme kwenye taa ya kushoto. Kwenye hii Hilux waya wa breki ni wa kijani wenye mstari mweupe, lakini gari la miaka zaidi ya 30 limeshapita mikono mingi, rangi siziamini. Unachoma testa, kile kitaa cha kupimia umeme: iwake breki ikikanyagwa tu, isiwake kwa taa ndogo wala kwa indiketa. Pikapu nyingi za zamani za Kimarekani hutumia uzi mmoja kwa breki na indiketa, ukiunga huko nyuma taa yako ya tatu itakonyeza kila ukikata kona. Zile unazifuata mbele, kwenye swichi ya pedeli.

Muuza spea niliyemchukulia taa nyekundu ya LED alitaka kuniuzia na rilei, ile swichi ya kubebea umeme mkubwa. Ya nini? Balbu mbili za wati 21 ni wati 42, sawa na ampea 3.5. Taa yangu ya LED ni wati 3, robo ya ampea. Fyuzi ni ya ampea 15, nafasi ipo tele.

Nilitaka waya upite ndani ya bomba, pasafi. Nikatoboa juu, nikatoboa chini, nikasukuma waya wa klachi ya pikipiki uvute njia. Ukagoma konani. Aliyechomelea keria hakutoboa maungio, kaziba kabisa. Nikajaribu kutoboa kwa ubavu, biti ikavunjikia humo humo, na imo mpaka leo. Basi waya umepita nje, chini ya bomba, ndani ya mpira, umefungwa kwa tai za plastiki kila kiganja. Ethi sikuiachia keria maana imepakwa rangi na imekalia raba. Nimeshusha waya wa pili hadi kwenye ile bolti ya asubuhi.

Saa 7, wali maharage kwa mama lishe. Dogo anauliza mbona zamani taa hizi za tatu hazikuwepo. Nikamwambia nilichowahi kusoma: mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia mmoja, John Voevodsky, alizifunga taksi za San Francisco taa ya ziada nyuma, na kugongwa kwa nyuma kukapungua sana. Marekani ikailazimisha kwa magari madogo mapya ya mwaka 1986, pikapu zikafuata 1994. Ripoti ya mwaka 1998 ikaonyesha faida, yaani kupungua kwa kugongwa nyuma, imeshuka hadi asilimia 4.3 tu. Watu wameizoea. Mzee akasema hata asilimia moja inamtosha, kama yule kijana wa Mapinga yumo ndani yake. Akatulipia chakula.

Saa 8, honi ya bajaji. Saa 9 kasoro, Noah ambayo tatizo lake lilikuwa kichwa cha betri kimelegea. Nimekaza, nimepewa elfu mbili.

Saa 9:30 jaribio la mwisho. Taa ndogo, breki, indiketa kushoto, kulia, zote pamoja, halafu ndoo ya maji juu ya kila taa na tunarudia. Dogo kagundua mwenyewe kwamba ya juu inatangulia kuwaka kidogo kuliko za chini. Balbu inahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto, LED haisubiri. Kwa kasi ya 80, gari linakula zaidi ya mita nne kwa muda huo.

Saa 10 tumevutana bei mpaka tukafika elfu thelathini na mananasi mawili yaliyosahaulika chini ya kiti. Mzee ametoka, kabla ya kushika lami akakanyaga breki mara tatu, makusudi. Tatu nyekundu.

Saa 12 jioni kituoni. Daladala ya konda wangu imesimama. Nimezunguka nyuma kidogo dereva akiwa ameshika breki. Kushoto hakuna kitu. Nikamwambia konda.

"Kesho, fundi shoti, kesho." Halafu akanidai nauli nzima.