Bibi Harusi Asiye na Kichwa

Juzi binti yangu alikuwa akipekua picha za zamani kwenye kompyuta, akaniita: "Baba, mbona huyu bibi harusi hana kichwa?"

Kichwa anacho, kimezama tu kwenye mkanda mweusi uliokula robo ya juu ya picha. Na mkanda ule niliununua mwenyewe, kwa hela za lenzi.

Mimi ndiye niliyepiga picha za harusi ile, na kamera ilishaanza kuzingua: leo inapiga, kesho inagoma. Nikafuta kwa spiriti vile vidoti vya shaba vinavyogusana na lenzi, nikabadilisha betri, nikajifariji. Hela zilitosha kitu kimoja, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) au lenzi. Kwenye kumbi, lenzi iliyokuja na kamera ilinibana kwenye f/5.6 (namba ya f ndiyo tundu la lenzi: ikipungua, tundu hupanuka), na picha za ISO 6400, yaani kamera ikilazimishwa kuona gizani, zilijaa chengachenga. Nikachukua ya milimita 50, f/1.8, inayopitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Siku ya harusi, ukumbini ikanikosha.

Tukatoka nje, jua la utosini. Nikaweka f/2.8, ISO 100, na shata, mlango wa mwanga, 1/3200 ya sekunde. Bibi harusi akacheka, shela ikapeperuka, nikabonyeza. Nikatazama kioo cha nyuma: shela ipo, maua yapo, mikono ipo, kichwa hakuna. Nikabonyeza tena. Hakuna.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka."

Nikabana tundu hadi f/8, shata ikashuka 1/400, vichwa vikarudi.

Shata ni mapazia mawili yanayofukuzana kutoka juu kwenda chini mbele ya sensa, kile kibao kinachopokea picha. Kwenye 1/60 la kwanza hufunguka lote kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo uchovu wake hauonekani. Kwenye 1/3200 yanaachana kwa upenyo wa milimita moja au mbili. La kwanza likichechemea, la pili hulikuta njiani na kuziba mwanga kabla ya kufika chini ya sensa. Na kwa kuwa lenzi hupindua picha, chini ya sensa ndiko viliko vichwa vya watu. Lenzi ya zamani, kwa f/5.6, juani iliomba 1/800 tu. Hii mpya ndiyo iliyoipeleka kamera kwenye ugonjwa wake.

Usiku ule nikavua lenzi, nikaielekeza bodi kwenye ukuta mweupe wenye mwanga wa kutosha, nikapiga kwa 1/4000. Mkanda ukajitokeza bila lenzi yoyote. Dakika mbili, siku moja nimechelewa.

Bodi ilikufa baadaye. Lenzi ipo hadi leo, imeshavaliwa na bodi ya tatu, na ndiyo ninayoishika kwanza. Sasa sijui nilikosea wapi.

Binti sikumweleza yote hayo. Nilimwambia jua lilikuwa kali.